Safu ya Chini

Tulimzika Jumanne, siku yake ya kutupa mtihani,
katika baridi ile ya Februari ya Brannick
inayoliza misumari ya milango.
Kanisa lilikuwa dogo kwa watu wale wote,
kwa hiyo tukampeleka kwenye ukumbi wa michezo,
jeneza chini ya kikapu cha upande wa mashariki,
kile kilichopinda tangu Dwight Sedlacek akining'inie.

Leland Pospisil. Miaka thelathini na saba:
jiometri asubuhi, mbio za nyika jioni,
na katikati yake basi la shule,
maana dereva aliacha kazi mwaka wa ukame
na hakuna aliyejitokeza kuushika usukani.
Alifuta ubao kwa kiwiko.
Mkewe, Ardith, alisema amefua chaki
kuliko mke wa mkulima anavyofua tope.

Maneno alikuwa nayo machache. "Pembe hazidanganyi," basi.
Ukikosea hesabu alivuta kiti, akaketi kando yako,
akanyamaza, akanyamaza tu,
hadi kosa lako lenyewe likainua kichwa kwenye karatasi
likakutazama.

Mimi nilikuwa wa mwisho.
Si wa mwisho wa kubahatisha; wa mwisho wa kudumu,
yule anayefika wazazi wa wenzake wameshakunja viti,
bendera zimeng'olewa, mbwa wamerudishwa garini.
Nikichomoka kwenye mahindi ya akina Hruby, kifua kikiwaka,
namkuta palepale mstarini, peke yake,
saa mkononi bado inakimbia.
"Ishirini na saba na sekunde nne,"
kwa sauti ileile aliyomsomea Coralee Maddux
kumi na tisa zake za ushindi.
Kisha chungwa, baridi kama jiwe la mtoni,
limepasuliwa kwa kisu kilichonuka tumbaku ya marehemu baba yake.

Lakini tusimvishe mabawa.
Mwaka wa themanini na sita alimfukuza Gaylen Bartos timuni
kwa chupa moja ya bia chini ya kiti cha basi,
chupa ambayo mji mzima ulijua ni ya nani,
isipokuwa yeye.
Gaylen akaacha shule, akaenda machinjioni kusini,
mashine ikamla vidole vitatu.
Ukweli ulimfikia mwalimu miaka miwili baadaye, kwenye foleni ya posta.
Aliendesha gari saa tano kwenda,
saa tano kurudi, usiku uleule,
na asubuhi akatufundisha pembetatu
akiwa na shati la jana.
Walichoambiana hatukukijua.
Ila Jumanne ile Gaylen alikaa safu ya mbele,
vidole viwili vimeishika kofia,
na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Vikombe? Kimoja. Nafasi ya tatu, wilaya.
Alikiwekea funguo za basi.

Baada ya kahawa na keki za mbegu za mpopi
Ardith alitupeleka gereji, akafungua sanduku:
madaftari thelathini na saba,
kila mkimbiaji, kila mbio, kila sekunde,
kwa mwandiko mdogo ulionyooka kama umeegemea rula.
Nikatafuta tisini na moja. Septemba.
Safu ya chini, mahali pangu:
*Nadine K. 27:04. Leo hakutembea mlimani.*

Nilitembea.
Kidogo, nyuma ya mahindi,
pale palipokuwa hapaonekani kutoka popote,
nikiishika mbavu, nikilia, nikihesabu hatua.
Sijui kama hakujua.
Sijui kama alijua, akaketi na kalamu usiku ule
karibu na taa ya jikoni,
akamkumbuka mtu mwingine,
akaamua kuniamini.

Ardith aliniambia nilichukue daftari.
Nikalirudisha sandukuni, kisha nikalitoa tena.
Nje theluji ilikuwa imeanza upya,
na mtu fulani, sikumwona nani,
alikuwa anajaribu kuliwasha lile basi.